Kuifuata Eurovision ukiwa Dodoma: mwongozo kamili, tangu mchujo wa Januari hadi saa nane za usiku wa fainali

Jumanne ya tarehe 10 Mei 2011, mjini Düsseldorf, Ujerumani, Kiswahili kiliimbwa kwa mara ya kwanza kwenye jukwaa la Eurovision, shindano la nyimbo baina ya nchi za Ulaya. Mwimbaji alikuwa Stella Mwangi, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Norwe, akiiwakilisha Norwe kwa wimbo Haba Haba, uliojengwa juu ya methali ambayo mtoto yeyote wa shule ya msingi hapa kwetu ataimalizia ukimwanzishia. Ilikuwa nusu fainali. Alipata pointi 30, akawa wa 17 kati ya nyimbo 19, safari yake ikaishia hapo. Aliyeisubiri fainali ya Jumamosi ndipo atazame, hakumwona kabisa.

Naanza na hilo kwa sababu ndivyo wengi wetu tunavyolipokea shindano hili. Mtu anasikia Jumapili asubuhi kwamba fulani kashinda, anatafuta wimbo, anausikiliza mara moja, anauliza, "Huu ndio ulioshinda?" Ameuona mkia tu, ng'ombe keshapita. Eurovision inaanza katikati ya masika yetu ya Dodoma, wakati watu wako shambani wanapalilia, na inakwisha mvua zikiwa zimekatika na upepo wa baridi umeanza. Ukiifuata miezi hiyo minne au mitano, majina yanageuka kuwa watu. Mwongozo huu ni wa namna ya kufanya hivyo ukiwa na simu, bando la kawaida na kazi ya kuamkia kesho yake.

Kwanza, ujue unatazama nini

Shindano lilianza mwaka 1956 mjini Lugano, Uswisi, likiwa na nchi 7. Linaendeshwa na Umoja wa Utangazaji wa Ulaya, na nchi inashiriki kupitia shirika lake la utangazaji lililo mwanachama. Ndiyo maana Moroko iliwahi kuingia, mwaka 1980, kwa sauti ya Samira Bensaid, na hadi leo ndiyo nchi pekee ya Afrika iliyowahi kushindana. Australia nayo ipo tangu 2015 kwa mwaliko. Tanzania haimo. Sisi ni watazamaji na, tangu 2023, wapiga kura, hilo nitalirudia.

Kanuni za kukariri ni chache. Wimbo hauzidi dakika 3. Jukwaani wasizidi watu 6. Muziki unatoka kwenye rekodi, lakini mwimbaji mkuu lazima aimbe papo hapo. Tangu 2021 sauti za kuitikia zinaruhusiwa kurekodiwa, na kwangu mimi mwanakwaya hilo lilikuwa pigo. Lugha ni huru tangu 1999.

Kuna usiku tatu, zote Mei: nusu fainali mbili, Jumanne na Alhamisi, na fainali Jumamosi. Kila nusu fainali inapitisha nyimbo 10. Mwenyeji na nchi zinazochangia fedha nyingi zaidi, yaani Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Italia, na Hispania inaposhiriki, huingia fainali moja kwa moja. Orodha ya washiriki iangalie upya kila mwaka. Kwa shindano la 2026, lililopangiwa Vienna, Hispania, Uholanzi, Ireland, Slovenia na Iceland zilijitoa kupinga ushiriki wa Israel kwa sababu ya vita vya Gaza.

Saa, ambayo ndiyo huwakosesha watu onyesho

Matangazo yote yanatolewa kwa saa za Ulaya ya kati. Hadi Jumapili ya mwisho ya Machi, sisi tuko mbele kwa saa mbili. Baada ya Jumapili hiyo Ulaya wanasogeza saa zao, tunabaki mbele kwa saa moja tu. Kwa hiyo maonyesho ya Mei, ambayo kwao huanza 21:00, kwetu ni saa nne kamili usiku. Mchujo wa Uswidi wa Februari unaoanza 20:00 kwao, kwetu nao ni saa nne usiku. Tamasha la Sanremo la Italia, ambalo ni usiku tano mfululizo, linaanza kwetu karibu saa tano na kuna siku linapita saa tisa. Hilo usilikeshee. Litazame vipande kesho yake.

Nusu fainali huisha baada ya kama saa mbili. Fainali inakwenda karibu saa nne nzima, mpaka saa nane za usiku wa kuamkia Jumapili. Kama unaimba ibada ya kwanza, panga na mwalimu wa kwaya mapema.

Januari hadi Machi: wafuate kwao

Hapa ndipo utamu ulipo, na hapa nitakaa.

Nchi zinapata mwakilishi kwa njia mbili. Nyingine shirika la utangazaji linamteua msanii kimya kimya. Nyingine zinafanya mashindano ya taifa, na baadhi ya hayo ni makubwa kuliko tunavyodhani. Sanremo ilianza 1951, miaka mitano kabla ya Eurovision yenyewe, na ndiyo iliyotoa mfano. Norwe wana Melodi Grand Prix tangu 1960. Huko ndiko Stella Mwangi alikowashinda wenzake. Uswidi wana Melodifestivalen, wiki kadhaa za Jumamosi mfululizo mwezi wa pili na wa tatu. Ureno wana Festival da Canção, Estonia Eesti Laul, Kroatia Dora.

Usijaribu kuyafuata yote, utachoka kabla ya Pasaka. Chagua mashindano mawili. Ushauri wangu ni Sanremo kwa ajili ya utunzi na Melodifestivalen kwa ajili ya ufundi wa jukwaa. Kingine, mshindi wa kwao si lazima ndiye atakayekuja. Mwaka 2025 Olly alishinda Sanremo akaikataa nafasi ya Eurovision, akaenda Lucio Corsi aliyekuwa wa pili, na gitaa lake, akamaliza wa 5. Waliomfuata tangu Februari walijua huyo ni nani. Wengine walimwona kijana aliyepakwa poda nyeupe usoni, wakapita.

Katikati ya Machi nchi zote zinakuwa zimewasilisha nyimbo zao, na zote zinawekwa kwenye chaneli rasmi ya shindano huko YouTube. Ni zaidi ya thelathini. Kila moja dakika tatu, kwa hiyo zote ni kama saa moja na nusu au mbili. Zipakue ukiwa kwenye waifai ya ofisini au ya chuo kama unayo, kisha zisikilize safarini. Mimi nazimaliza kwenye daladala la kwenda na kurudi Mtumba, siku tatu, nyimbo kumi kumi na ushee. Usizisikilize zote kwa mkupuo. Kuanzia ya kumi na tano sikio linakuwa limekufa ganzi, na nchi zenye majina ya herufi za mwisho zinaonewa.

Daftari

Nunua daftari la shule la kawaida. Kila wimbo upe ukurasa nusu. Andika nchi, jina la msanii kama linavyoandikwa, lugha, na mambo matatu tu: nini kilibaki kichwani baada ya kusikia mara ya kwanza, sauti inafika wapi na inapumua wapi, na kama ungependa kuusikia tena kesho. Tarehe iandike pia, kwa sababu maoni yako ya Machi na ya Mei hayatafanana, na kuyalinganisha ni nusu ya raha yenyewe.

Halafu fanya zoezi moja ambalo halina mbadala. Tafuta video ya msanii huyo huyo akiimba wimbo huo mbele ya watu, si ile ya studio. Weka alama pale sauti inapotetereka, pale anapoacha neno ili avute hewa, pale anapotegemea waitikiaji wa kwenye rekodi. Jukwaa la Mei linasimama na sauti hiyo ya pili, si ya studio. Wimbo mzuri wa studio usio na mtu wa kuubeba hufa Jumanne.

Kwa sikio la Dodoma nina neno la ziada. Aliyekulia Chamwino au Mvumi, akasikia akina mama wakipiga ngoma ya muheme na watu wakiitikia kwa sauti zilizopandana bila kuandikiwa nota, ana elimu ambayo watazamaji wengi wa Ulaya hawana. Hukwe Zawose aliubeba muziki wa Kigogo, kwa ala za ilimba na zeze, akaupeleka kwenye majukwaa ya dunia, na wazungu wakanyamaza wakasikiliza. Elimu hiyo itumie. Mwaka 2021 kundi la Go_A la Ukraine lilikuja na wimbo wenye mizizi ya nyimbo za kienyeji za majira ya kuchipua, umeimbwa kwa ile sauti ya kifua iliyo wazi, wakawa wa 5. Mara ya kwanza kuusikia nilijua huu mama zetu wa kijijini wangeuelewa bila tafsiri. Usikubali kuambiwa kwamba ni muziki wa ajabu ajabu.

Na Kiingereza kisikutishe. Salvador Sobral alishinda mwaka 2017 kwa Kireno, peke yake, bila mchezaji hata mmoja pembeni, akapata pointi 758, nyingi kuliko mshindi mwingine yeyote hadi leo. Mama mdogo wangu wa Makole, ambaye hata Kiingereza chake ni cha salamu, alimtazama mpaka mwisho akasema, "Huyu mtoto anaimba kama anayemwombea mtu." Sikuwa na cha kuongeza kwenye daftari.

Wachague wako, watano basi

Kufikia Aprili daftari litakuwa limekuonyesha. Chagua watano wa kuwafuata kwa karibu: wawili unaoamini watafika mbali, wawili unaowapenda hata kama hawatafika, na mmoja ambaye hukumwelewa kabisa. Huyo wa tano ni muhimu. Soma habari zake, sikiliza nyimbo zake za zamani, jua katoka wapi.

Ukifanya hivyo utakuta watu wa kwetu mahali ambapo hukutarajia. Tusse, aliyeiwakilisha Uswidi mwaka 2021, alizaliwa Kongo na kufika huko akiwa mtoto mkimbizi. Claude, aliyeimbia Uholanzi mwaka 2025 akawa wa 12, naye ni mzaliwa wa Kongo. Mahmood, wa pili mwaka 2019 kwa Italia, baba yake ni Mmisri. Loreen wa Uswidi, mwanamke wa kwanza kushinda mara mbili, 2012 na 2023, wazazi wake walitoka Moroko. Simwambii mtu ampigie kura kwa asili yake. Nasema tu ukijua safari ya mtu, wimbo wake unausikia kwa masikio mengine.

Jambo moja la kujiepusha nalo hadi hapa ni utabiri wa makampuni ya kubeti. Mashabiki wanaushika kama almanaki. Mwaka 2025 uliwataja KAJ wa Uswidi kuwa ndio washindi; waliishia wa 4. Ukiusoma Machi, sikio lako linaanza kumtafutia sababu anayeongoza. Usome wiki ya fainali, ukiwa umeshaandika ya kwako kwa kalamu. Na pesa yako usiitie humo.

Bando, umeme na mahali

Nusu fainali na fainali hurushwa mubashara kwenye chaneli hiyo hiyo ya YouTube. Picha ya kiwango cha 480 inakula kama megabaiti 500 hadi 700 kwa saa. Fainali peke yake tenga gigabaiti 3, usiku zote tatu tenga 6. Ukishusha hadi 360 utatumia karibu nusu ya hapo, na kwenye kioo cha simu tofauti si kubwa. Ukiacha simu ijichagulie kiwango, itapanda hadi 720 au zaidi na bando litaisha kabla ya kura. Kiweke mwenyewe, na uhakikishe kinabaki hapo baada ya tangazo.

Bando la usiku lisome saa zake kabla ya kununua. Lile linaloanza saa sita litakukuta nyimbo zinaelekea kuisha.

Mwaka 2023 nilifikiri nimejipanga. Umeme ulikatika mtaani kwetu ilipokaribia saa nane, simu ikiwa na chaji ya asilimia tisa, wakati wamebaki Loreen na Käärijä wa Ufini. Nilipata matokeo kwa ujumbe wa rafiki aliyekuwa Arusha. Nilihuzunika kweli, miezi minne ya kufuata na dakika ile ikanipita. Tangu hapo Jumamosi ile naweka luku ya kutosha, nachaji simu mbili na pawabenki tangu mchana, na bando naligawa kwenye laini za mitandao miwili tofauti.

Kama mko wengi, ongea na mwenye banda umiza. Msubiri mechi za jioni ziishe, mwambie kwa adabu mtakuwa wangapi na mtalipa kiingilio kama cha mpira, na intaneti mtakuja nayo wenyewe. Mwanzoni huwa wanasita kwa sababu hawajui ni kitu gani. Mwonyeshe video moja yenye jukwaa kubwa. Banda la jirani yetu pale Chang'ombe lilitukubalia kwa sharti kwamba saa nane na nusu awe amefunga, na likawa usiku wa raha. Nyumbani napo panatosha: televisheni inayopokea picha ya simu, spika moja nzuri, karanga, ubuyu, chai ya tangawizi, na shuka, maana Mei hapa usiku unauma.

Spika ni ya lazima kuliko kioo. Kama fedha inatosha kimoja, nunua spika.

Nusu fainali usizikose

Kama utaweza usiku moja tu katikati ya wiki, chagua ile yenye wengi kati ya watano wako. Kuanzia 2023 hadi 2025 nusu fainali ziliamuliwa na kura za watazamaji pekee. Kwa 2026 majaji wamerudishwa. Wakati wa kutaja kumi waliopita, usishughulike na waliopita peke yao. Andika walioachwa, na karibu nao andika sababu unayoifikiri. Miaka mitatu ya orodha hiyo itakufundisha kuliko orodha ya washindi.

Kupiga kura kutoka hapa

Tangu 2023 watazamaji wa nchi zisizoshiriki wanapiga kura mtandaoni, na kura zetu zote, za Dodoma, Nairobi, Lima na kwingineko, zinajumlishwa kana kwamba ni nchi moja. Ukurasa wa kupigia ni esc.vote. Kura inalipiwa kwa kadi ya benki inayokubali malipo ya nje ya nchi, au kadi ya mtandaoni unayoitengeneza kwenye menyu ya pesa za simu. Usiisubiri Jumamosi kuijaribu. Ijaze kiasi kidogo wiki moja kabla, nunua kitu cha bei ndogo mtandaoni, uone kama inapita. Soma bei kwenye ukurasa wenyewe kabla ya kubonyeza. Kwetu sisi tusio wa nchi shiriki, dirisha limekuwa likifunguliwa kabla ya onyesho kuanza. Wasiwasi wa intaneti ukiwepo, piga mapema.

Hadi 2025 mtu aliweza kununua kura 20. Kuanzia 2026 mwisho ni 10. Mimi napiga mbili au tatu, na nagawa. Kura zote za dunia yetu zinatoa pointi 58, kama nchi nyingine yoyote, kati ya pointi 4,350 zilizogawanywa fainali ya 2025. Ni ndogo, lakini zinatajwa kwenye jumla ya kila wimbo.

Kuusoma ubao wa pointi

Kila nchi inatoa seti mbili: moja ya majaji, moja ya watazamaji. Kila seti ni 12, 10, kisha 8 kushuka hadi 1. Majaji ni watu wa fani ya muziki, na hawapigi kura Jumamosi. Wanapiga kwenye mazoezi kamili ya usiku wa Ijumaa. Kwa hiyo ukimwona msanii wako kang'ara Jumamosi na majaji wamempa kiduchu, huenda Ijumaa sauti ilimsaliti.

Majaji wanatajwa kwanza, nchi kwa nchi. Kipindi hiki ni kirefu, na wengi husinzia hapa. Kaa na kalamu, jumlisha za watano wako. Kisha zinakuja kura za watazamaji, kwa mkupuo, wakianza na aliye mkiani kwa majaji kupanda juu, na ubao unapinduka. Mwaka 2023 Loreen alipata 340 za majaji na 243 za watazamaji, jumla 583. Käärijä alipata 150 na 376, jumla 526. Mwaka 2025 JJ wa Austria alipata 258 na 178, jumla 436, wakati Israel iliongoza kwa watazamaji na kumaliza ya pili. Ukiwa na namba hizi mbili mbili kwenye daftari kwa kila msanii wako, mabishano ya Jumatatu kazini utayaingia ukiwa na hoja.

Jumapili mchana, ukishaamka, fungua tovuti rasmi, matokeo kamili yanakuwa yamewekwa: nani kampa nani, majaji kando na watazamaji kando, hata nafasi za nusu fainali ambazo zilifichwa wiki nzima. Tafuta mstari wa kura za dunia, ule wetu. Nakili kumi bora wake kwenye ukurasa wa mwisho. Acha kurasa nne tupu, kisha andika 1 Septemba juu ya unaofuata: wimbo uliotolewa kabla ya tarehe hiyo hauruhusiwi kwenye shindano la mwaka ujao, kwa hiyo wowote utakaousikia kuanzia siku hiyo unaweza kuwa ndio.